Pini Mbili za Mlango wa Hamoud

Mafundi wa bodi za gari hapa Unguja ni wengi, na wengi wao ukiwapelekea gari kuukuu ambayo pini za bawaba zake zimeshikwa na kutu, jambo la kwanza ni kuwasha grainda. Cheche zinaruka, pini inakatika, bawaba inatoboka, halafu fundi anakutazama usoni bila haya na kukwambia bawaba za gari hizi hazitengenezwi tena. Ubwa Makame hayumo katika kundi hilo, na ukitaka akununie wiki nzima, mfananishe nalo. Toka aanze kazi pale Gulioni hajapata kukata pini ya mtu.

Njia yake ni ya polepole na inawachosha wenye haraka. Asubuhi anailowesha bawaba kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ya breki. Jua likipanda anaipasha moto kwa mtungi mdogo wa gesi. Kisha anauweka msumari butu wa chuma chini ya pini na kupiga kuelekea juu, kwa sababu pini hutiwa kwa juu na kichwa chake hubaki juu. Anapiga mara tatu tu. Halafu anaweka nyundo chini, anaubandika mkono juu ya bawaba na kusubiri. Pini ikiwa imetetereka, anaendelea. Ikiwa haikujibu kitu, anaondoka, anakwenda kufanya kazi nyengine, anarudi baadaye.

Hayo alifunzwa na marehemu Mzee Usi, aliyemlea kazini. Kwenye mlango wa mtu unabisha hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka zako, na Mzee Usi hakuona kwa nini mlango wa gari uvunjiwe adabu hiyo. Wenzake Ubwa walimcheka sana. "Ubwa anapigia kutu hodi," walisema, na yeye akicheka nao, tumbo likimtikisika, kwa kuwa ni mtu wa mzaha na hana kinyongo.

Ila ana jambo moja ambalo hulifanyii mzaha mbele yake. Ubwa ni mwoga. Simsengenyi, mwenyewe anakiri. Njia ya Kidichi, kwenye yale mahamamu ya Kiajemi, hapiti jua likishaanza kuinama, hata umlipe. Mke wake, Maryam, humwambia Mungu amempa mwili wa mchukuzi na moyo wa kifaranga.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa kwenye gari ya Bi Jokha.

Aliyempeleka ni Sami, mtoto wa ndugu yake Bi Jokha, anayeishi Maskati. Alimpigia simu. Shangazi yake ana gari ndogo ya Ostin katika banda nyuma ya nyumba, Bububu, imesimama toka yeye Sami hajazaliwa. Alitaka itengenezwe yote, irudi kama ilivyokuwa. Miaka yote shangazi alikataa isiguswe, na ghafla mwezi ule amekubali mwenyewe.

"Kwa nini kakubali?" Ubwa aliuliza.

"Anasema mlango wa dereva unampigia kelele," Sami alijibu, akacheka kidogo. "Mtu mzima yule, fundi. We nenda tu."

Ubwa akapanda vespa yake, akaenda.

Bi Jokha alimpokea barazani. Ubwa alimwamkia, "Shikamoo, Bi Jokha," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," na alipoinua uso akashangaa. Alikuwa bibi kizee hasa, mgongo umeshapinda, lakini macho yake yalikuwa na wanja, mikono ina hina mbichi mpaka kwenye vifundo, na nyuma ya sikio amechomeka kikuba cha asumini. Alikuwa amejipamba kama mke anayemtazamia mumewe kurudi kazini. Mwanapili, mwanamke anayemsaidia kazi za nyumbani, aliona Ubwa anavyotazama, akamkonyeza anyamaze.

Banda lilikuwa na joto na harufu ya karafuu za zamani. Gari ilikuwa imesukumwa ndani ikaegemezwa upande mmoja, mlango wa abiria umebanana na ukuta, kwa hivyo hakukuwa na njia ya kuingilia ila mlango wa dereva. Vioo vyote vilikuwa vimepakwa chokaa kwa nje. Ubwa alijaribu kitasa, kimeganda. Akajaribu kuutikisa mlango, haukucheza hata kidogo. Bahati nzuri bawaba za gari ile ziko nje, moja juu na moja chini. Pini zikitoka, mlango ungeweza kuvutwa kwa upande huo bila ya kuhangaika na kitasa.

Alitoa kitambaa mfukoni ili akwangue chokaa kidogo, aone ndani kuna nini.

"Ubwa!" Bi Jokha aliita kutoka mlangoni mwa banda.

"Naam, Bi."

"Fanya kazi yako upendavyo. Lakini usimchungulie."

Ubwa alifikiri hakusikia vizuri. "Nisimchungulie nani, Bi?"

"Mlango ukishafunguka tutaona sote," alisema, akarudi ndani taratibu, akiacha harufu ya asumini.

Angekuwa na akili ya kifaranga pamoja na huo moyo wa kifaranga, Ubwa angepanda vespa yake saa ile ile. Lakini alikwisha kuziona zile pini, na pini ikishamwonesha ukaidi huwa hawezi kuiacha. Akakirudisha kitambaa mfukoni. Akazilowesha bawaba, akangoja, akazipasha moto, akaushika msumari wake chini ya bawaba ya juu, akapiga mara tatu. Akaweka nyundo chini, ila kabla ya kubandika mkono alisikia kitu.

Kutoka mahali fulani kukaja milio mitatu hafifu ya chuma kwa chuma. Tang, tang, tang.

Akageuka haraka. Kisha akasikia harufu ya iliki na kahawa, akajicheka mwenyewe. Nyumba za watu wenye asili ya Maskati, kama ya Bi Jokha, hazikosi kinu kidogo cha shaba, na Mwanapili bila shaka alikuwa jikoni anatwanga iliki. Na kweli, baada ya muda kahawa ikaletwa. Ubwa akanywa, akapiga tena mara tatu, jikoni wakaitika tena. Pini haikusogea.

Ilikuwa hivyo siku ile, na siku zilizofuata. Ubwa alifika asubuhi, akapiga hodi zake, akaondoka, akarudi. Alipiga bawaba ya juu, akapiga ya chini. Kila alipopiga tatu, tatu zilimrudia. Alianza kuona ajabu kwamba nyumba ya wanawake wawili inatwanga iliki nyingi namna ile, lakini mtu huona anachotaka kuona, na Ubwa alitaka sana kuona iliki. Kilichomsumbua zaidi ni pini. Badala ya kulegea zilizidi kukaza. Alizihisi mkononi, kila pigo linazidi kuzizamisha mahali pao, naye hakuelewa. Akaanza kulala vibaya.

"Kwani huko kuna nini?" Maryam alimuuliza.

Akamweleza yote, mpaka ile milio. Maryam alikuwa anachambua mchele. Akasema bila ya kuinua kichwa, "We unagonga mlango wa mtu mara tatu kila siku. Ulitegemea nini? Si kuitikiwa?"

Ubwa akamwambia aache mzaha. Maryam akasema hafanyi mzaha.

Kesho yake mchana, jua li utosini na kuku wamejilaza kwenye kivuli, Bi Jokha mwenyewe alitoka akaja kukaa kwenye kigoda karibu na gari. Mwanapili alikuwa amekwenda sokoni Darajani. Bi Jokha alibeba sinia la kahawa, na juu ya sinia kile kinu cha shaba na mchi wake wa shaba. Akakiweka kinu chini miguuni, mikono ikatulia mapajani. Ubwa alifurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Akapiga mara tatu.

Tang, tang, tang.

Mchi ulikuwa umelala juu ya sinia. Nyumba ilikuwa tupu. Na safari hii, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umewahi kutua juu ya bawaba, Ubwa aliisikia ile milio kwenye kiganja chake. Ilitoka ndani ya gari.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akasoma alichojaaliwa kukumbuka, na hakikuwa kingi.

"Umesikia?" Bi Jokha aliuliza. Sauti yake haikuwa na hofu hata chembe. Ilikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyomtisha Ubwa kuliko ile milio. "Mie nnamsikia toka mwezi wa mfungo mosi. Mwanapili anambia nshazeeka. Nikasema nitafute fundi, maana maskini hawezi kutoka."

"Nani, Bi Jokha?"

"Mume wangu. Hamoud."

Akamsimulia, naye Ubwa akasikiliza akiwa amesimama, tayari kukimbia.

Hamoud alitoka na gari ile asubuhi moja, kijana, nguo amepigiwa pasi na mkewe, akisema anakwenda shamba mara moja na atarudi kula. Hakurudi. Gari ilionekana Kizimkazi, mbali kabisa na shamba lao, karibu na pwani. Injini nzima. Viatu vya Hamoud vimo ndani. Lakini mlango wa dereva ulikuwa umetolewa, umelazwa juu ya mchanga, na juu yake pini mbili zimepangwa vizuri sambamba kama vijiko vya mezani. Mwenyewe hayupo. Walimtafuta baharini, wakamtafuta misituni na mapangoni. Watu wa Kizimkazi waliapa hawakumwona mtu.

"Wakaileta gari hapa, mlango wameutupa kiti cha nyuma," alisema Bi Jokha. "Mama yake akalia, akaniambia nivue dhahabu nikae eda ya mjane, mwanawe kafa maji. Nikamuuliza, mtu anayekwenda kufa maji anang'oa mlango wa gari wa nini? Na akaung'oe akapange pini vizuri vile? Yule alikuwa na nia ya kurudi azirudishe. Kadhi alinita mara nyingi, baada ya miaka kupita, akanambia sheria inaniruhusu, nikae eda niolewe na mwengine. Wachumba walikuwapo. Nikasema mie mume wangu yuko safarini."

Akagusa asumini sikioni kuhakikisha bado ipo.

"Basi. Miaka yote nnajipamba. Watu wa Bububu wananicheka, nnajua. Leo karudi, na mlango umemkatalia. Nifungulie, mwanangu. Nataka anikute bado mke wake, na mie siku zangu zenyewe si nyingi."

Ubwa alitaka kusema hawezi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimtazama yule bibi, na ile hina, na uso ule uliojaa matumaini ya msichana, akaona huruma iliyomshinda hofu, jambo ambalo halikupata kumtokea. Akapiga magoti tena mbele ya mlango ili asionekane machozi.

Ndipo alipoona. Alikuwa amepiga magoti chini zaidi kuliko siku zote, akaitazama bawaba ya chini kwa upande wa chini. Alikwangua rangi na kutu kwa kucha. Pale ambapo siku zote alikuwa akiweka msumari wake palikuwa na kichwa cha pini. Kichwa kilikuwa chini. Akasimama, akachungulia bawaba ya juu kwa chini yake, nayo ni vivyo hivyo. Na juu ya vile vichwa, vilivyobonyezwabonyezwa na pigo la mtu asiyejua kazi, palikuwa na michirizi ya manjano.

Shaba.

Hakuna fundi duniani anayetia pini ya bawaba kwa chini. Itamdondokea miguuni. Pini inatiwa kwa chini na mtu mmoja tu: aliye peke yake, hana wa kumshikia mlango, amekaa chini akaubeba kwa mapaja na bega, na mkono pekee alionao huru uko chini. Ubwa alikuwa akizipiga kuelekea kule kule zilikopigiwa. Siku zote zile alikuwa akizizidisha kukaza.

"Bi Jokha," alisema polepole. "Mlango huu aliurudisha nani?"

 Bi Jokha alitazama mchi uliolala juu ya sinia, na Ubwa akautazama pia, akaona ncha yake imepondeka upande mmoja, mpondeko wa zamani uliolainika kwa kutwanga.

"Mie," alisema mwishowe. "Mchana kama huu, watu wa nyumbani wamelala. Niliona gari iliyo wazi itamtangaza kuwa hayupo. Nikasema mlango ukikaa mahali pake, basi na yeye yuko. Na vioo nikavipaka chokaa, asiwepo wa kuchungulia. Nikazigonga kwa mchi mpaka mikono ikatoka damu. Nilisema, hazitoki hizi, hazitoki, mpaka nimwone kwa macho yangu. Nilikuwa nnapiga tatu, nnapumzika. Tatu, nnapumzika."

 

Ubwa aliuchukua msumari wake, na kwa mara ya kwanza akauweka juu ya bawaba, sio chini. Akapiga mara moja. Pini ya juu ikalia, ikashuka kidogo. Akapiga ya pili, ikaonekana kichwa chake kimetoka kwa chini. Kwa pigo la tatu ikaanguka yenyewe, ikabingirika mpaka miguuni mwa Bi Jokha. Baada ya kuzitesa siku zote zile, ilikuwa kazi ya pumzi moja.

Alipohamia bawaba ya chini, Bi Jokha akanyanyuka. "Ngoja." Akajifunga kanga vizuri, akajitazama mikono, akapitisha kidole chini ya macho kurekebisha wanja. Alisimama mbele ya mlango. 

"Hamoud," aliita. "Hodi."

Hapakuitika kitu.

"Hodi, baba. Hodi."

Akamwashiria Ubwa apige. Pini ya chini ikatoka. Ubwa akaushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta kwa upande wa bawaba, kitasa kikakatika kwa kutu, na mlango ukamjia wote kifuani. Akaushusha chini. Alikuwa amefumba macho.

Alipoyafumbua aliona gari tupu. Viatu vya kiume vilikuwa chini, vimegeuka rangi. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali, kwenye usukani, kwenye kiti cha nyuma na kiti cha abiria, zito, la miaka yote ile. Lakini kiti cha dereva kilikuwa safi. Ngozi yake ilikuwa inang'aa na imebonyea katikati. Na ndani ya mlango ule, kwa upande wa ndani, kwenye chuma karibu na pale zilipokuwa bawaba, rangi ilikuwa imechubuka kwa duara dogo, mng'aro mtupu, mahali panapogongwa na kugongwa.

Bi Jokha aliinama akaweka kiganja juu ya kile kiti.  Ubwa aliuona mkono ukishituka kidogo ulipogusa, kisha ukatulia kama unaopapasa mgongo wa mtu.

"Kina joto," alisema. "Sasa hivi tu katoka."

Halafu uso wake ukabadilika. Furaha yote ikamtoka, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Hakuwa anataka kuingia kwangu, Ubwa. Alikuwa anaomba ruhusa aende zake. Mie ndiye niliyemfungia."

Akalia. Hakulia kwa sauti. Ubwa alisimama kando yake akilia pia, mtu mzima na tumbo lake, bila kujificha. Baadaye Bi Jokha alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na wanja wote ukatoka. Akakichomoa kile kikuba cha asumini sikioni, akakilaza juu ya kiti cha dereva. Akavua bangili, moja baada ya moja, akazishika mkononi. Alipopita mbele ya Ubwa kurudi ndani alivuta kanga akajifunika uso, naye alikuwa hajapata kumfunikia siku zote zile.

Asubuhi ya pili yake Ubwa alisimama barazani, akapiga hodi. Alizoea ile sauti ya "Karibu, mwanangu" kabla hata hajamaliza. Alipiga ya pili, akapiga ya tatu. Alikuwa ameshageuka kuondoka ndipo Mwanapili alipofungua mlango kidogo. Macho yake yamevimba.

"Bi Jokha haonani na wanaume," alisema. "Kakaa eda, toka jana. Kavaa nyeupe. Kanambia nikwambie kazi uiendeleze, na nikushukuru."

Ubwa aliimaliza gari ile ndani ya muda wa eda, ile miezi minne na siku kumi. Banda lilijaa harufu ya puti na rangi, na kila alipopiga mara tatu alijikuta ameshika pumzi, kiganja juu ya bawaba, akisikiliza. Haikurudi milio tena. Kahawa ililetwa na Mwanapili, imetwangwa jikoni, na hata huo mchi ulisikika vyengine, mlio wa kawaida wa mchi. Maryam anasema toka hapo mumewe amekuwa mtu wa kupita Kidichi wakati wowote, na hilo Ubwa analikanusha.

Mlango aliurudisha siku ya mwisho. Sami alikuwa amemletea pini mpya kutoka Maskati, lakini Ubwa alizisugua zile zile za zamani mpaka zikang'aa. Alimwita Mwanapili amshikie mlango, kwa sababu kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Akazitia kwa juu, vichwa juu, akazipaka grisi nyingi. Hakuzigonga kwa nyundo. Alizisukuma kwa kidole gumba tu, zikaingia, na alipomaliza alizijaribu kama zinatoka.